Kura ya kulipia, rumba isiyo rumba: maneno tunayosikia Manguredjipa juu ya «Danse avec les stars»

Ku Manguredjipa hakuna mtu aliyekwisha kupiga kura katika Danse avec les stars, hata mmoja. Ile programu ya TF1 inatufikia ikiwa imekwisha zamani. Vijana wa nyumba za video wanaipakua Butembo, wanaitia ndani ya fleshi, fleshi inapanda pikipiki, na kama barabara inapitika inafika kwetu wiki moja ao mbili kiisha. Mara zingine wanaleta ya miaka ya nyuma, ile ya 2019, ile ya 2021, bila mpango. Wakati sisi tunakaa kwenye mabenchi, yule aliyetolewa kule Paris amekwisha kurudilia kazi yake ya kuimba. Lakini ukisikia ubishi wa mule ndani, utafikiri kura inafungwa usiku ule ule.

Sisi ni watu wa sendika ya wachimbaji. Kazi yetu ni mambo ya mashimo, ya mizani, ya wenzetu wanaofunikwa na udongo. Kuna wasomaji watauliza: watu wa sendika na mambo ya kucheza waltz, wapi na wapi? Tunaomba mtuvumilie kidogo. Kwa majuma mengi tumesikiliza yale watazamaji wanasema katika nyumba ya video karibu na soko, na tumesikia mule maneno ambayo mtu hayatoi mu mkutano.

Kwanza tueleze mchezo wenyewe kwa wale hawaujui. Mtu mwenye jina, mwimbaji ao mwigizaji ao mwanamichezo, anafungwa pamoja na mchezaji wa kazi. Wanapewa siku chache za kujifunza ngoma ambayo yule mwenye jina haijui: tango, waltz, cha-cha-cha, paso doble, quickstep. Kiisha wanacheza mbele ya waamuzi, na kila mwamuzi anainua kibao chake cha pointi, mwisho ni 10. Pembeni ya waamuzi kuna watazamaji wa nyumbani, ambao wanatuma mesaji ao wanapiga simu ya kulipia. Pointi na kura vinachanganywa, na mwenye kuwa chini anarudi kwake. Uingereza ndio walianza: BBC ilitoa Strictly Come Dancing mwaka 2004, Marekani wakafuata 2005, kiisha ikazunguka dunia. Afrika ya Kusini nao walifanya yao. Ufaransa ilianza tarehe 12 Februari 2011, na wa kwanza kushinda alikuwa M. Pokora.

Sasa kwetu kuna jambo la zaidi. Mlangoni mwa nyumba ya video kuna mama mmoja anayeuzisha mandazi na chai. Kila jozi ikimaliza kucheza, kijana wa mashini anasimamisha picha kabla waamuzi hawajainua vibao. Watu wanapaza sauti ya pointi zao, yule mama anasikiliza, kiisha anaandika na kaa la makala ku mbao za ukuta. Halafu ndipo tunaangalia vibao vya Paris. Kama wetu na wao wamepatana, watu wanapiga makofi. Kama hapana, ni vita ya maneno. Hakuna anayelipa kutoa pointi. Unalipa kuingia, basi.

Maneno ya kwanza, na yanarudia kila mara, ni ya rumba. Siku mtangazaji anasema jozi fulani itacheza rumba, watu wanajikaza kwenye benchi kama wanaona ndugu anashuka ku pikipiki. Kiisha muziki unaanza polepole, dada ananyoosha mguu, bwana anamzungukia na macho ya huzuni, na kelele inatoka nyuma: «Haiko rumba hii! Hawa beko banaagana ku uwanja wa ndege!» Chris Marques anasifu, anatoa 8 ao 9. Ku ukuta wetu mama anaandika 3. Tuliona hata jozi moja, yenye kucheza vizuri kweli, ikipata 2 kwetu, juu tu ya lile jina.

Hapo sisi hatukubaliane na wenzetu kabisa. Ile rumba ya mashindano na rumba yetu ni watoto wa mama mmoja. Zote mbili zina mizizi Cuba, na Cuba yenyewe ilipata ngoma zake kwa watumwa waliobebwa kutoka Afrika, wengi wao kutoka pande za Kongo. Kuanzia miaka ya 1930, sahani za muziki wa Cuba zenye alama ya GV zilianza kuuzwa ku Afrika, watu wa Léopoldville na Brazzaville wakajitambua ndani, wakachukua gitaa, wakatengeneza yao. Upande mwingine, wazungu wa shule za kucheza walichukua bolero na son ya Cuba, wakaipimia hatua, wakaiandikia sheria, wakaiita rumba. Na tusisahau: Januari 1960, wakati wakubwa wetu walikuwa ku Meza ya Duara kule Brussels, Grand Kallé na African Jazz walitoa wimbo wa uhuru wenye jina la cha-cha. Wazazi wetu walicheza ile cha-cha wawili wawili, mwanaume na koti, mwanamke na kikwembe, sawa vile tunaona ku TF1, lakini bila taa za rangi. Basi tukimwambia yule kijana wa nyuma kwamba waamuzi hawakumuibia rumba yake, hataki. «Kama ni ndugu, alisoma wapi kwa kusahau nyumbani?» Jibu hatukupata.

Mwaka 2021 ulituchanganya zaidi. Novemba, Tayc alishinda pamoja na Fauve Hautot. Tayc ni mwimbaji aliyezaliwa Marseille, wazazi wake ni watu wa Kameruni, na nyimbo zake vijana wa machimbo walikuwa nazo mu simu mbele hata hajaenda kucheza. Kiisha tarehe 14 Desemba mwaka ule ule, UNESCO ikaandika rumba ya Kongo katika urithi wa dunia, kwa ombi la nchi zetu mbili, Kinshasa na Brazzaville. Kwa vijana wa kwetu, mambo hayo mawili yamekuwa jambo moja. Ukiwauliza, watakuambia dunia ilitupa kombe mara mbili ku mwezi mmoja. Hatukusumbuka kuwarekebisha. Juu ya Bilal Hassani, ambaye mwaka ule alicheza na mwanaume mwenzake, Jordan Mouillerac, na kufika fainali, maneno yalikuwa mengi na si yote ya kuandika mu gazeti. Mama wa mandazi alisema yeye anahesabu miguu, akaandika 8.

Lakini ubishi mkubwa, ule unaofanya watu wasimame, ni wa kura.

Kuna kundi linasema waamuzi wanatosha. Hao kwa wingi ni wazee wa shimo, watu wanaojua mwamba. Mmoja wao alituambia hivi: wakati unataka kujua kama jiwe lina zahabu, hauulizi soko lote, unamuuliza mwenye jicho. Mchezaji anaweza kuchekesha, anaweza kuwa na sura nzuri, lakini kama mguu wake haufuati ngoma, haufuati. Kundi la pili, vijana na wamama, wanajibu kwamba waamuzi hawaoni jasho. Wanaona dakika mbili za usiku ule. Watazamaji ndio wanakumbuka yule mtu wiki ya kwanza alikuwa anacheza kama mtu anabeba mfuko wa mchanga, na leo anaruka.

Ubishi huu uko kila fasi ambako mchezo huu unachezwa, na kuna mwenzetu aliyekaa miaka Kampala, anajua Kiingereza, ndiye alitutafutia visa vya Waingereza na Wamarekani. Mwaka 2008, kule BBC, kulikuwa mtangazaji wa habari za siasa, John Sergeant, mtu mzima, mwenye kucheza vibaya. Waamuzi walimpa pointi kidogo sana, na kila wiki watazamaji walimuokoa, wachezaji wazuri wakirudi nyumbani. Novemba alijitoa mwenyewe, akisema imekuwa hatari ya kweli kwamba anaweza kushinda. Marekani mwaka 2018, mtangazaji wa redio Bobby Bones alishinda kombe na pointi zake zikiwa ndogo, juu wasikilizaji wake walimpigia kura kwa nguvu. Mwaka uliofuata wakageuza sheria: waamuzi wakapewa ruhusa ya kuokoa mmoja kati ya wawili wa chini.

Kisa ambacho kilitushika sisi ni kingine, cha Desemba ya mwaka ule ule wa 2008, nusu fainali ya Waingereza. Tukieleze polepole, juu ni hesabu. Zilibaki jozi tatu. Kwa kawaida waamuzi wanampa wa kwanza wao pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1. Watazamaji nao vilevile: 3, 2, 1. Unajumlisha, wa juu anapita, wawili wa chini wanarudilia kucheza na waamuzi wanachagua. Usiku ule wanawake wawili, Rachel Stevens na Lisa Snowdon, wakalingana juu kwa waamuzi. Wote wakapewa 3. Wa tatu, Tom Chambers, akapata 1. Sasa chukua kijiti uandike chini. Tom akipata kura nyingi kuliko wote, anapewa 3, jumla 4. Wale wawili, mmoja atakuwa na 3 na 2, ndiyo 5. Mwingine 3 na 1, ndiyo 4. Maana yake hata watu wote wa Uingereza wangempigia Tom, angebaki tu katika wawili wa chini. Kura haikuwa na njia ya kumuokoa. Na wakati huo watu walikuwa wanalipa simu.

BBC ilipogundua, ikasimamisha kutoa mtu, ikapeleka wote watatu ku fainali, na kura za usiku ule zikabebwa kwenda kuhesabiwa kule. Wiki moja kiisha, nani alishinda fainali? Tom Chambers.

Tulipoeleza kisa hiki ku nyumba ya video, palinyamaza kwanza. Hesabu ile watu wa kwetu hawakuhitaji kurudiliwa mara mbili. Mtu aliyekwisha kuuzisha zahabu anaijua. Unafika kwa mnunuzi, anaweka mzigo wako upande mmoja wa mizani, upande mwingine anaweka vijiti vya kiberiti ao sarafu ya zamani, anakuambia uzito. Unaweza kukataa, unaweza kulia, unaweza kuita ndugu zako kumi. Sheria ya mizani ilikwisha kufanywa mbele haujaingia. Kijana mmoja wa miaka kama 20 akasema kwa sauti ndogo: «Tom iko mchimbaji.» Watu wakacheka, lakini si sana.

Na hapo ndipo likatoka neno la kundi la tatu, ambalo ni letu pia, tuseme bila kujificha. Waamuzi sawa. Watazamaji sawa. Lakini kura ya kulipia? Mwenye makuta ya mesaji kumi anaweza kusema mara kumi, mwenye makuta ya moja anasema mara moja, na sisi tusiyo na reseau hatusemi. Televizyo inasema ni sauti ya watu. Sisi tunaona ni sauti ya krediti ya simu. Siku hizi Waingereza wanapokea kura za bure kwa intaneti, kwa hiyo hakuna mtu atatuambia kwamba mchezo hauwezi kuendelea bila kuuza kura. Najua, najua, ni mchezo tu, hakuna anayekufa kwa foxtrot. Ndivyo mwenye nyumba ya video alitujibu. Yeye anauzisha tikiti, tunamuelewa.

Mzee mmoja hakukubaliana na kundi lolote. Anatembea na magongo tangu shimo lilibomoka juu ya mguu wake. Siku walileta ya 2019, tulimuona amekaa mbele kabisa. Mwaka ule alishinda Sami El Gueddari, mwogeleaji wa michezo ya walemavu, mwenye mguu mmoja; yeye pia na Fauve Hautot. Anacheza na mguu wa kutengeneza, na kuna wakati anautoa na kucheza bila. Nyumba nzima ilipaza 10, mama akaandika 10. Mzee akamwambia afute. Alitaka aandike 7, juu mkono wa kushoto ulichelewa mara mbili. «Musimupe ya huruma. Mimi ya huruma minapata kila siku, haijaninunulia hata chumvi.» Mama alifuta, akaandika 7. Hakuna aliyebisha. Kiisha Sami alishinda kombe, na mzee akapiga makofi kuliko wote.

Watu wengine, hasa wa makanisa, wanasema aibu: pande zetu watu wanakufa, nyinyi munaangalia wazungu wanazunguka. Ni kweli kwamba tangu 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na kwamba tangu 2024 mashambulizi ya ADF yamesukuma watu wengi wa Bapere kukimbilia Butembo. Kuna majuma nyumba ya video ilifungwa na mabenchi yakageuka vitanda vya waliokimbia. Hatufiche hayo. Lakini mwenye kufikiri kwamba kucheza na kuhukumu mchezo ni mambo ya watu wasio na shida, hajui historia ya machimbo.

Zamani kulikuwa ngoma ya beni. Si mji wetu wa Beni, hapana. Jina linatoka kwa neno la Kiingereza la bendi. Ilizaliwa pwani, Lamu na Mombasa, karibu na mwisho wa miaka ya 1800: vikundi viwili vinavaa kama askari, vina majenerali na madaktari wao wa kuigiza, vinashindana kwa tarumbeta na mavazi, na mji wote unaamua nani ameshinda. Majina makubwa yalikuwa Marini na Arinoti. Baada ya vita ya kwanza ya dunia ngoma ile ilifuata wafanyakazi hadi makambi ya machimbo, Katanga na ngambo ya mpaka, kule leo ni Zambia. Wakaiita mbeni. Mwaka 1935 wachimbaji wa shaba wa kule walisimamisha kazi juu ya kodi iliyopandishwa. Hawakuwa na sendika. Walikuwa na mbeni: watu waliozoea kukutana, kuchagua wakubwa wao, kutuma habari kutoka kambi moja hadi nyingine. Ku Luanshya polisi walipiga risasi, wachimbaji sita wakafa. Tume ya serikali iliyochunguza ilikaa kuuliza maswali juu ya ngoma. Wakoloni walielewa kwamba watu wanaoweza kujipanga kwa kucheza wanaweza kujipanga kwa mengine.

Sisi hatudanganyi kwamba TF1 ni mbeni. Mbeni watu walicheza wenyewe. Lakini ule ukuta wa mama wa mandazi, tunaufikiria sana.

Juu tazama kilichotokea. Kwetu tuko tunatayarisha kuchagua wajumbe wa carré, wale watasimama pembeni ya mizani siku ya kupima, na kuandika. Ni kazi nzito: mjumbe akinunuliwa, wote wameuzwa. Mu mkutano, PDG mmoja wa shimo kubwa alitoa shauri, kwa adabu kabisa, kwamba kila shimo lipate kura kulingana na mchango linalotoa. Shimo linalolipa sana lipate kura kumi, la wadogo moja. Alisema ni haki, juu mwenye kutia feza nyingi ana hatari nyingi. Kwa kweli maneno yake yalikuwa na uzito, na wengine walianza kuitikia kwa kichwa. Kiisha sauti moja nyuma: «Tunakuwa TF1!» Mkutano ukalipuka. Watu ambao hawasemagi kitu, wapiga-maji, wabeba-mchanga, wamama wanaotwanga mawe, walisimama kueleza kile kisa cha Tom Chambers kwa wale hawakukisikia, na hesabu yake, 3 na 3 na 1. Hatujawahi kuona hesabu inapendwa hivyo.

Shauri la PDG lilianguka. Ilikubaliwa mtu mmoja kura moja, hata kama mchango wake umechelewa. Kupanga mustari nyuma ya mgombea watu walikataa, juu mwenye shimo anaona nani amesimama wapi. Kwa hiyo itakuwa punje mkononi: haragi kwa mmoja, hindi kwa mwingine, unaingiza ngumi ndani ya bidon, unaachilia, unatoka.

Kile hakijaisha ni cha waamuzi. Wale wazee wa jicho wanataka wawili wao wawe na haki ya kukataa mjumbe asiyejua kusoma mizani, hata kama amechaguliwa. Wanatoa mfano wa Bobby Bones na wa Sergeant. Vijana wanajibu kwamba mwenye haki ya kukataa leo, kesho atakuwa na bei. Sisi ndani ya sendika tumegawanyika nusu kwa nusu, na tumepeleka neno mu mkutano unaokuja.

Kura ni siku ya posho, saa nane, kabla ya nyumba ya video kufungua. Bidon imekatwa mdomo. Mama wa mandazi amekubali kuhesabu, lakini ameomba kitu kimoja: wamletee mbao mpya, juu ukuta wa zamani umejaa pointi za watu wa Paris.